Mwanasaikolojia Mwenye Kiatu Kimoja

Mguu ulikuwa tayari tangu Februari, lakini mwenyewe hakutaka kuuvaa. Shida ilikuwa hiyo. Na kama Yassin Nangumbi asingeuvaa kabla ya Juni kwisha, mtu wa kupoteza kazi hakuwa Yassin, wala fundi aliyeuchonga. Alikuwa Klementi Likwata.

Saa moja na nusu asubuhi, Likwata anafungua chumba chake katika kituo kimoja cha mazoezi na viungo vya bandia, nje kidogo ya mji wa Lindi. Ana miaka arobaini na miwili, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kitambaa yenye kiraka gotini, na ndala miguuni. Mlangoni pake pameandikwa STOO.

Ndani si stoo. Kuna meza, viti viwili na benchi. Likwata ni mtaalamu wa saikolojia, wa pekee hapa kituoni, na neno hilo la mlangoni aliliandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki walipopaka geti.

“Mwanzo paliandikwa Mwanasaikolojia,” anasema huku akifuta meza kwa kiwiko. “Miezi minne hakuingia mtu. Walikuwa wanapita mbali kama kuna nyoka. Mama mmoja akaniambia, mwanangu, mimi nimevunjika nyonga, sijarukwa na akili. Nikaandika Stoo. Wiki ile ile wakaanza kuja. Mtu akionekana anaingia stoo, nani atamsema?”

Kituo kina watu wanne wanaomshughulikia mgonjwa kwa pamoja. Daktari Ambrosi huangalia kidonda na mfupa. Dativa, mama wa mazoezi, hufundisha watu kutembea upya, na sauti yake husikika hadi barabarani. Brighton hutengeneza miguu ya bandia. Wa nne ni Likwata, na mpaka mwaka huu wa 1997 hakuna aliyeweza kueleza sawasawa anafanya nini.

Kila Jumatano wanne hao hukutana kujadili wagonjwa. Chumba cha kikao kilikuwa na viti vitatu. Likwata alikalia mfuko wa plasta, ile ya kufungia mifupa iliyovunjika, na kila alipoinuka suruali yake ilikuwa nyeupe nyuma.

“Tulikuwa tunamwita Bwana Pole,” anasema Brighton bila aibu. “Mgonjwa akilia tunasema, mwiteni Bwana Pole aje aseme pole.”

Mwanzoni mwa mwaka utani huo ukaacha kuchekesha. Kituo, kama ofisi nyingi siku hizi, kilitangaza kupunguza wafanyakazi. Wa kwanza kuondoka, walisema wakubwa, ni wale ambao kazi yao haionekani kwa macho. Daktari angeonyesha kidonda kilichopona. Brighton angeonyesha mguu. Likwata angeonyesha nini?

Mkurugenzi akamwita, hakuzunguka sana. “Likwata, yule mzee wa Kitomanga. Mvalishe mguu. Ukishindwa, Juni tutazungumza.”

Mzee wa Kitomanga ndiye Yassin Nangumbi, mkulima wa korosho anayekaribia miaka sitini. Tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao, Yassin amekuwa mtu wa kubishana na mizani. Siku ya ajali alikuwa amesimama nyuma ya lori, kaligeuzia mgongo, akimweleza mnunuzi kwamba mzani wake una kilo zake peke yake duniani. Dereva, ambaye alikuwa amechoka kusikiliza, akarudisha lori nyuma bila kuangalia.

Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa hapa. Kidonda kilipokauka, Yassin akaletwa kituoni.

Brighton alimchongea mguu wa mninga wenye mikanda ya ngozi. Yassin alipoukataa, Brighton alidhani unabana, akaurekebisha. Akakataa. Akaurekebisha tena. “Nimeupiga msasa mguu ule kuliko kitanda changu cha harusi,” anasema. “Na nilishaona mambo. Kuna miguu yangu huko vijijini inazuia milango ya mabanda ya kuku. Nilijua huu nao utakwenda kulinda kuku.”

Kikao cha Jumatano kikalijadili jambo hilo. Daktari Ambrosi akasema kigutu kimepona vizuri, shida si kidonda. Dativa akasema shida si nguvu, maana Yassin kwa magongo yake anaweza kumfukuza paka na kumpata. Brighton akasema shida si mguu, na yeye na atakayesema ni mguu watoke nje.

Wote wakageuka kuutazama mfuko wa plasta.

Likwata alianza kazi kama alivyofundishwa chuoni Dodoma, kwa maswali ya upole. Dativa, aliyekuwa akinyoosha mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyasikia mazungumzo yale hadi akayakariri.

“Shikamoo, Mzee Yassin.”

“Marahaba.”

“Umeamkaje?”

“Salama.”

“Na mguu?”

“Salama tu. Umekatwa.”

“Maumivu?”

“Hamna neno.”

“Moyo wako unausikiaje kuhusu huu mguu mpya?”

“Moyo mzima. Alhamdulillahi.”

“Basi tuuvae.”

“Hapana.”

Yakawa hayo hayo, asubuhi baada ya asubuhi, Machi yote na Aprili. Mtu wa huku ukimuuliza hali, hata kama nyumba inaungua, kwanza atakujibu salama. Ndiyo adabu. Likwata alilijua hilo tangu utotoni, lakini chuoni alikuwa ameambiwa aulize, naye akauliza.

Aliambiwa pia jingine, na hilo ndilo lililomponza. “Tulifundishwa mgonjwa asijue mambo yako,” anasema. “Kabila lako, dini yako, mkeo, hata timu yako ya mpira. Ukae kama kioo, ajione yeye. Basi mimi nikawa kioo. Nikaongea Kiswahili cha Dar es Salaam, wodi nzima wakaniita Mdaresalama, nikanyamaza.”

Ukweli ni kwamba Likwata ni Mmakonde wa Newala. Yassin ni Mmwera. Wamakonde na Wamwera ni watani, na mtani si mtu wa kumficha mtani wake. Mtani anakutukana mbele za watu nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anachukua kitu chako, nawe unachukua chake. Msibani, watu wote wakiwa wameinamisha vichwa, mtani ndiye anayeruhusiwa kumsema marehemu kwamba alikuwa bahili na alikoroma, mpaka mjane acheke huku machozi yanamtoka.

Kioo kilivunjwa na Stella, mke wa Likwata. Mchana mmoja mwezi Mei alimletea mumewe chakula, ming’oko ya kuchemsha, mizizi ya porini, kwenye bakuli, akasimama mlangoni mwa wodi na kumwita kwa Kimakonde, kwa sauti ya mtu ambaye ametembea juani.

Yassin akaketi kitandani.

“We mama! Huyo ni Mmakonde?”

“Ni Mmakonde wa Newala,” Stella akajibu. “Kwani hakuwaambia?”

“Loo!” Yassin akapiga ukelele. “Tangu Machi naulizwa moyo wangu na mla ndezi, mla panya wa porini! Namjibu kwa heshima, kumbe mtani wangu! We Mmakonde, rudisha marahaba zangu zote!”

Likwata alisimama na bakuli lake la ming’oko. Anasema alikumbuka mwalimu wake wa Dodoma, kisha akakumbuka mwezi wa Juni.

“Marahaba zako chukua!” akamjibu. “Mmwera gani wewe, unachongewa mguu wa mninga unaukataa, na nyumbani kwako hakuna hata kigoda cha mninga!”

Dativa akaziba mdomo kwa kiganja. Kumtukana mgonjwa aliyekatwa mguu, na mtukanaji ndiye mtaalamu wa saikolojia!

Yassin akacheka. Alicheka hadi akakohoa, muuguzi akaleta maji. Hakuna aliyewahi kumwona anacheka tangu aletwe. Alipomaliza, bado anafuta macho, akasema lile ambalo maswali yote ya upole hayakulitoa.

“Nitavaaje mguu mpya, we mla ndezi, na wa kwanza haujazikwa? Mwanamke akifiwa anakaa eda. Mimi mguu umeondoka asubuhi, jioni mnaniozesha mwingine!”

Maneno yalikuwa ya kuchekesha na wodi ilicheka. Yassin mwenyewe, safari hii, hakucheka.

Mkewe, Mwahija, ndiye anayejua kilichotokea. Siku ya kukatwa mguu alitoka Kitomanga na kipande cha bafta nyeupe. Aliambiwa na watu wa dini kwamba kiungo cha mtu hufungwa kitambaa na kufukiwa ardhini kwa heshima, basi, hakuna la zaidi.

“Nikafika geti la hospitali, nikamwambia mlinzi nimefuata mguu wa mume wangu,” anasimulia. “Akacheka. Akaniambia, mama, umechelewa, umechomwa pamoja na mabandeji. Nikarudi na kitambaa changu kwapani. Mume wangu akaniuliza, umeuzika? Nikasema hapana. Hakuniuliza tena.”

Bafta ile aliikunja akaiweka chini ya mto. Hakuishona kuwa kitu kingine.

Jumatano iliyofuata Likwata hakukaa kwenye mfuko wa plasta. Alitoa maelezo yake amesimama.

“Kwa hiyo dawa ni nini?” akauliza Daktari Ambrosi.

“Mazishi.”

“Mguu umekwisha kuwa majivu, Likwata. Tutazika nini?”

Jibu alilitoa Dativa. Yassin alipoletwa kituoni alikuwa na mfuko wa plastiki wenye kofia, redio, na katambuga ya kushoto, zile ndala za tairi la gari. Ndiyo aliyokuwa ameivaa siku ya lori. Dativa alitaka kuitupa, Yassin akamkunjia uso, akaitundika msumarini juu ya kitanda. Ilikuwa pale miezi yote, na wote wanne walikuwa wameiona.

“Mimi nimesoma udaktari miaka mingi,” akasema Ambrosi. “Siendi kuzika katambuga.”

“Usiende,” akasema Dativa. “Lakini gari la kituo tunachukua.”

Likwata alikwenda kwanza kumwona mwalimu wa madrasa wa Kitomanga, maana yeye ni Mkristo na hakutaka kukanyaga pasipo pake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta ndevu.

“Kuzika kiatu si ibada,” akasema. “Msiswali, msisome kitu, wala msije mkasema mimi nimesema. Lakini mtu akifukia kiatu kibovu nyuma ya nyumba yake, nani kamkataza?”

Jumamosi moja ya Juni, Landrova ya kituo ikaingia Kitomanga. Ndani alikuwamo Yassin na magongo yake, Likwata aliyevaa viatu vyake vizuri kuliko vyote, vya ngozi halisi, mtumba wa soko la Lindi, Dativa, Brighton, na mguu wa mninga umelazwa kiti cha nyuma kama abiria aliyelewa. Daktari Ambrosi naye alikuwamo. Alisema amekuja kwa sababu ya gari.

Nyuma ya nyumba shimo lilikuwa limechimbwa, dogo, la kutosha papai. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamekuja kwa masikitiko, wengine kwa sababu hawakuwahi kuona kitu kama kile. Mwahija akaitoa bafta chini ya mto, akaifunga katambuga vizuri, pembe kwa pembe.

Alipoinama kuiweka, Likwata akatoka mbele akatumbukiza mguu wake wa kushoto shimoni, na kiatu chake cha ngozi.

“Haizikwi!” akatangaza. “Mimi mtani namjua marehemu. Mguu huu wa kushoto ulikuwa na kazi moja tu ya maana, kumtangulia bwana wake chooni, kama dini yake inavyomtaka! Sasa umekufa, na huyu Mmwera ameletewa mpya, kaukataa. Nawauliza, tangu aondoke huyu, Yassin anaingia chooni kwa mguu gani?”

Mwalimu wa madrasa, ambaye alisema hatafika, alikuwa nyuma ya ukuta, na watu walimsikia akikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

“Mguu huu ulikuwa mbishi!” Likwata akaendelea. “Lori zima linakuja, wenyewe umesimama unabishana na mzani. Mguu wa kulia ukakimbia, huu ukabaki kudai kilo!”

Yassin alikuwa ameegemea magongo, mabega yanatikisika. Mwahija alijifunika uso kwa kanga. Hakuna aliyejua kama anacheka au analia, naye akiulizwa sasa anasema vyote.

Likwata akatoa mguu shimoni. Katambuga ikafukiwa. Yassin mwenyewe ndiye aliyetupia udongo wa kwanza, na wa mwisho akausindilia kwa ncha ya gongo.

Ilibaki haki ya mtani. Likwata akatazama huku na huku, akamwona jogoo mwekundu wa Yassin, ambaye kijiji kizima kinajua kwamba Yassin anampenda kuliko redio. Akamkamata, akamweka kwapani, akaanza kuelekea garini.

“We Mmakonde!” Yassin akaguta. “Chukua kuku mwingine! Si huyo!”

Likwata hakugeuka.

“Mwahija! Lete mguu!”

Brighton hakumngoja Mwahija. Alikimbilia garini akampita jogoo njiani, akarudi na mguu begani kama mtu anayewahi basi. Akapiga magoti, akafunga mikanda. Yassin akayatupa magongo, la kwanza upande huu, la pili upande ule, akaanza kwenda.

“Kisigino!” Dativa akalia kama kocha. “Kisigino kwanza! Usiburute! Kisigino, baba, kisigino!”

“Akianguka nipo,” akasema Daktari Ambrosi, na yeye anatembea kando kando mikono imetanuliwa.

Yassin hakuanguka. Alikwenda upande upande, anayumba kama meza mbovu, lakini alikwenda, na watoto wakamfuata, na watu wazima wakafuata watoto. Alimfikia Likwata kwenye mlango wa Landrova.

Wenzake wanasema Likwata alipunguza mwendo kwa makusudi. Yeye anakanusha. “Sikupunguza. Jogoo alikuwa ananing’oa sikio.”

Walianguka pamoja. Suruali ya Likwata ikachanika goti. Yassin akamtoa jogoo wake, kisha, kwa kuwa mtani naye ana haki, akamvua Likwata kiatu cha kushoto, akauvika mguu wa mninga. Kikaingia bila ubishi.

“Namba nane,” akasema Brighton. “Niliuchonga namba nane.”

Sasa Yassin anakwenda shambani kwake mwenyewe. Magongo yapo nyumbani, moja linazuia mlango wa banda la kuku. Huja kituoni mara kwa mara kukaza mikanda, na kila akifika hupitia Stoo kumtukana Likwata, nao hufunga mlango wakakaa humo muda mrefu. Wanachozungumza hawasemi.

Katika kikao cha Jumatano sasa kuna viti vinne. Cha nne alikileta Daktari Ambrosi kutoka nyumbani kwake. Alipoulizwa nje ya kikao kazi ya mtaalamu wa saikolojia ni nini, alijisema kwanza mwenyewe. “Sisi watatu tulikuwa tunautibu mguu,” akasema. “Yassin alikuwa hana daktari.”

Kazi ya Likwata haikufutwa. Mtu mmoja ilibidi aondoke, akaondoka mpishi.

Likwata ana jambo moja analolitaka. Anataka aitwe kabla ya msumeno, si baada, amuulize mgonjwa na ndugu zake wanataka kiungo kiende wapi. Ameshakwenda hospitali ile kuwaeleza. Safari ya kwanza hawakumpokea. Safari ya pili walimpa soda.

“Nitarudi,” anasema. “Soda ni mwanzo. Safari ya tatu nataka niwapelekee Mwahija na kile kisa chake cha getini, wamsikilize wao.”

Anainuka, anatia funguo mfukoni, anakwenda wodini na ndala zake. Kule Kitomanga hakuna tena anayemwita daktari. Wakimwona wanaita, mla ndezi huyo, fungeni kuku.

Ukihesabu, kumfanya Yassin Nangumbi atembee kulimgharimu Klementi Likwata suruali moja, jina la daktari, salamu za mpishi ambaye hadi leo akikutana naye sokoni hugeuza uso, na kiatu cha kushoto. Cha kulia kipo chini ya kitanda. Stella anataka kukitupa, naye hukitoa kila Jumapili, akakipaka rangi, akakirudisha.